Bustani ya Kukodi

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Habari kubwa. Mama mkwe anakuja Jumapili! Si kusalimia. Anakuja kutazama. Tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake kwenye ile nyumba yake yenye ngazi nyingi, magoti yanamsumbua, na mabinti zake wawili wamekubaliana kwamba sasa basi, ahamie kwa mmoja wao. Atakaa kwetu wiki moja, kisha wiki moja kwa binti mkubwa, halafu atasema neno. Kwenye simu aliuliza swali moja tu: je, hapo kwenu kuna miti?

Mke wangu alijibu kwamba kuna nafasi. Jibu zuri. Ndiyo tuliyo nayo, nafasi. Uwanja wetu wa mbele ni udongo mtupu, kamba ya kuanikia nguo, na tangi la maji lililopasuka ambalo nitalitengeneza. Baada ya simu aliingia jikoni akafungua bomba kwa nguvu ili nisimsikie akilia. Nilimsikia. Anamtaka mama yake. Hajawahi kuniomba kitu kikubwa katika ndoa hii, na hata hiki hajaniomba.

Nikamwambia, bustani niachie mimi. Kisha akasema labda tuanze na mti mmoja tu, mdogo, mahali pazuri. Mmoja! Mimi ni fundi mapazia. Nani ameona dirisha likavishwa uzi mmoja? Jicho la rangi ninalo, futi kamba ninayo. Bustani ni pazia la nje, basi.

Tatizo ni mwanyumba. Huyu ndiye mume wa dada mtu, muuza vigae. Uwanja wake wote kausakafia vigae vya kung'aa, hata nzi akitua anateleza. Amekwisha kutangaza kwamba kwake mama hatakanyaga vumbi. Anajiona mshindi tayari. Tutaona.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Kitaluni. Mwenye kitalu ni mama wa makamo mwenye kofia pana na simu mbili. Watu wanamwita Mama Miche. Huwezi kumuuliza kitu akakujibu, yeye ndiye anayeuliza. Uwanja unatazama wapi? Unapata jua la asubuhi au la alasiri? Mvua ikinyesha, maji yanatuama au yanakwenda zake? Mti ukishakuwa mkubwa utagusa nini? Nikamwambia, mama, nimekuja kuchagua miti, sikuja kuposa. Nionyeshe rangi.

Akanionyesha. Lo! Bogenvilia za zambarau na za rangi ya chungwa. Mijakaranda. Misonobari. Waridi, asumini, na safu nzima ya maua ya kudumu, yale ambayo ukiyapanda mara moja yanachipua yenyewe mwaka baada ya mwaka. Nikapanga kichwani papo hapo: zambarau katikati, chungwa pembeni, nyeupe kwenye pindo. Mama Miche akasema bogenvilia ina miiba, haikai kwenye njia ya watu, na asumini yangu itaungua ikiwekwa kwenye jua kali. Nikasema zitazoea. Kwetu kila mtu alizoea.

Idadi je? Hapo ndipo penye utaalamu. Pazia lenye marinda linataka kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha. Nikachukua kipimo cha uwanja, nikazidisha kwa mbili. Akasema mimea haina marinda, itabanana. Nilimhurumia. Kila mtu na fani yake.

Kisha akili ikanicheza. Kununua vyote hivyo siwezi. Lakini kwa nini ninunue kitu cha kutazamwa wiki moja? Viti vya shughuli watu wanakodi. Maturubai wanakodi. Nikamwomba anikodishe! Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema miti si viti. Nikatupa jicho kwenye ofisi yake: dirisha tupu, amelibandika magazeti. Nikamwambia nitamvisha dirisha hilo, na la sebuleni kwake juu yake. Akaacha kucheka.

Tumekubaliana hivi. Nichukue miche ikiwa ndani ya viriba vyake, ile mifuko myeusi ya plastiki, na ziara ikiisha niirudishe mizima. Utakaovunjika hata ua ni wangu moja kwa moja.

Kiriba kikishafukiwa ardhini, nani atakiona? Hakuna. Wakati mwingine najiogopa kwa akili.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Gari limeleta. Nimechimba. Mgongo wangu si wangu tena.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akasimama getini na mkoba mkononi, hakuingia. Alidhani nyumba si yake. Kisha akapita mti kwa mti akigusa majani kwa mgongo wa kiganja, polepole, kama anapima homa ya mtoto. Akaniita jina ambalo hajaniita tangu uchumba. Hakuniuliza nimenunua kwa fedha gani, na mimi sikusema nimenunua. Wala sikusema sijanunua.

Nilitaka kumwambia pale pale. Badala yake nikaenda kuosha jembe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi sijasema uongo, kwa hiyo yangu ni ndefu tu ya kutosha.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Kasoro ndogondogo. Miti mirefu nimeiweka mbele ya dirisha, kwa sababu mbele ya dirisha ndipo pazia linapokaa. Sasa sebuleni tunawasha taa saa ya chakula cha mchana. Msonobari mmoja umekaa karibu mno na mlango, tunaingia ubavu. Msoma mita ya maji alifika getini, akatazama, akaondoka. Shati langu la kazini limeanikwa juu ya bogenvilia kwa kuwa kamba haionekani tena. Lina matundu.

Mke wangu akanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamjibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akasema hapa anayengojewa ni mama, si mwana. Tulicheka wote wawili. Zamani tulikuwa tunacheka hivi mara kwa mara.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mwanyumba kaja! Eti alikuwa anapita. Anakaa upande wa pili wa mji na anapita mlangoni kwangu! Amezunguka bustani mikono nyuma, viatu vyake vyeupe akiviinua juu kila hatua. Akauliza kwa upole kwa nini mjakaranda umesimama juu ya shimo la choo. Nikasema ni mbolea. Akauliza mizizi yake ikifika chini itafanya nini. Nikasema itafaidi.

Kisha akachuma waridi, akasema anampelekea mke wake. Akavunja na tawi! Moyo ulinipasuka, nikacheka kwa meno yote. Sasa mwaridi ule ni wangu kwa lazima, na wala sikuupenda, rangi ya maua yake hailingani na kitu chochote.

Alipoondoka aliniambia mama hatapenda pori. Nikamwambia wala hatapenda chumba cha kuogea. Hilo lilimwingia.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Amefika. Mwembamba kuliko mwaka jana. Masanduku mawili, fimbo, na kigoda chake mwenyewe cha mbao ambacho hakubali mtu akibebe. Nilitoka kumpokea kwa heshima zote, nikamwamkia, nikasahau msonobari, nikaupiga kichwa.

Alipita bustanini kimya. Alipofika mwisho akasema, “Mmh.” Mke wangu alikuwa ameshika mikono yake kifuani. Mama akauliza nimepanda lini. Nikasema zamani kidogo, mama. Akabonyeza udongo kwa fimbo, fimbo ikazama. Akasema, “Mmh” nyingine, ndefu zaidi.

Alasiri akaomba jembe. Jembe! Anasema asumini ile inalia, anataka kuilegezea udongo. Nikalichukua jembe mkononi mwake kwa adabu, nikamwambia haiwezekani mkwe wangu alime nyumbani kwangu, watu watanicheka, yeye ni wa kupumzika. Akasema hajachoka, baba. Nikasema atachoka. Akanitazama, akaenda kukaa. Nadhani alifurahi kuheshimiwa.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Nimeficha jembe, reki na sururu dukani kwangu, chini ya marobota ya kitambaa cha velveti. Kinga ni bora.

Mama amekaa kibarazani siku nzima, mikono mapajani. Nilimwachia redio. Nilimwachia mto wa mgongo. Jioni mke wangu akaniambia mama amefua vitambaa vyote vya jikoni, akavianika, akavianua vikiwa havijakauka, akavifua tena. Nikasema basi ni msafi. Mke wangu akasema mimi sielewi. Kwake mama alikuwa anaamka na jogoo kushika ardhi, na tangu mumewe afariki ndicho kitu pekee kilichomtoa kitandani. Nikasema ndiyo maana tumemletea bustani iliyokwisha! Asitoe jasho! Akasema tena kwamba mimi sielewi.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Mambo yanakwenda kombo. Asumini zimeungua. Mijakaranda inapukutika. Viriba havishiki maji ya kutosha kwa jua hili. Nikaamua nimwagilie kwa wingi. Sasa viriba vya upande wa tangi vimejaa maji na misonobari inageuka manjano miguuni. Upande mmoja kiu, upande mwingine gharika! Nimekata majani yaliyokauka kwa mkasi wa dukani na kuyatia mfukoni.

Mwanyumba kapiga simu. Akamwambia mama kwamba chumba chake kiko tayari, na vigae vya bafuni havitelezi. Mama akasema sawa. Nilisikia. Alisema sawa kwa sauti ya mtu anayekubali sindano.

Chakula cha jioni akasema bustani yetu ni nzuri kama mahali pa kungojea daktari. Mke wangu akaweka kijiko chini, hakula tena.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Yamenikuta.

Nimerudi kutoka dukani nikakuta uwanja mtupu. Miche yote imepangwa ukutani, safu moja, kila mmoja na kiriba chake cheusi, kama wagonjwa wanaongoja kuitwa. Mashimo kila mahali. Mama mkwe amekaa juu ya kigoda katikati ya mashimo, na mkononi ana kijiko kikubwa cha kupakulia. Nilificha jembe, reki na sururu. Kijiko sikukifikiria.

Anasema alianza na asumini ile iliyokuwa inalia. Akachokonoa udongo kidogo, akakutana na plastiki. Akasema labda huu umesahaulika. Akachokonoa wa pili. Plastiki. Wa tatu akauvuta tu, ukaja wenyewe.

Akaniuliza kama hii tabia nimefundishwa au nimezaliwa nayo. Nikaeleza yote: kitalu, mapazia, marinda. Kwenye marinda alifumba macho. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Lakini hayo si kitu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza habari ya miti hata kidogo. Aliniuliza kama na mama yake nilimtaka wa wiki moja tu, kisha arudishwe mzima alikotoka.

Jibu lilikuwapo, hapana, hapana kabisa, namtaka mama hapa na kijiko chake, nataka wewe ucheke kama siku ile ya shati. Lakini midomo haikufunguka. Nikasimama shimoni nimeshika kofia.

Nilimpigia simu Mama Miche, akaja na gari lake kuchukua vyake. Aliitazama miche iliyopata maradhi mikononi mwangu, akapumua. Akasema kwa hali hii mapazia yawe pia ya vyumba vya kulala. Mwaridi uliovunjika akaniachia. Nimeupanda bila kiriba, pembeni kabisa, mke wangu akinitazama dirishani.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Mke wangu ananisemesha kwa vyombo. Birika likitua kwa nguvu maana yake chai tayari. Sufuria ikilia maana yake nisiingie.

Mama ananisemesha kwa amri. Asubuhi akaniambia nikalete jembe. Nikalitoa chini ya velveti, nikalileta. Akaniambia nifukie mashimo yote, mimi mwenyewe, na nishindilie kwa miguu. Sikufungua duka. Nilifukia. Nilishindilia.

Yeye alikuwa anafanya jambo la ajabu. Alianza asubuhi kwenye kona ya geti na kigoda chake. Amekaa. Jua lilipomfikia akahama hatua chache. Amekaa. Akahama tena. Nikadhani magoti. Nikamletea mwavuli, akanifukuza. Akahamia karibu na tangi, akanusa, akatoka upesi. Alipofika mbele ya dirisha akageuka akatazama ndani, akatikisa kichwa, akaondoka. Alasiri alikuwa upande wa kushoto, mbali na choo, mbali na kamba, mahali ambapo mimi sikupanda hata unyasi kwa sababu hapaonekani kutoka barabarani. Upepo ulikuwa unampeperushia ushungi. Hapo hakuhama tena. Akachora duara kwa fimbo.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anachagua mti. Nikasema mti hauko hapa, mama, uko kitaluni. Akasema mti unauchagulia mahali pake kwanza, kisha ndipo unauendea. Kama ungevaa viatu kabla ya kujua mguu, baba, ungefika wapi? Nikamwambia kwa mapazia tunafanya hivyo hivyo, tunapima kwanza. Akasema basi ulipima nini? Nilirudi kwenye mashimo.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Tumekwenda kitaluni, watatu. Mke wangu alikaa kiti cha nyuma na mama. Mimi mbele na dereva, kama mzigo.

Mama Miche akaanza maswali yake. Jua? Maji? Mti ukikua utagusa nini? Mama mkwe akajibu moja baada ya jingine. Kisha yeye akauliza yake, wakabishana, wakagombana kuhusu samadi, wakashikana mikono. Wale wawili wangeweza kukaa pale mpaka mwaka ugeuke. Waliponikumbuka walinituma maji ya kunywa.

Alichochagua? Mche mmoja. Unanifika gotini! Mti wa kivuli wenye maua meupe. Jina lake Mama Miche alilitamka mara mbili na mara mbili nikalisahau. Bogenvilia moja, nayo ni ya kwenye ukuta wa nyuma, itakapowachoma wezi peke yao. Maua ya kudumu hakuchukua. Anasema ya kwake kule nyumbani yamejaa mno, atayang'oa mashina, ayagawe na kuja nayo.

Kuja nayo! Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa ameacha kupumua.

Tulipanda alasiri, pale penye duara. Mama alichana kiriba kwa kisu mbele ya macho yangu, polepole, akaninyooshea ile plastiki nikaitupe. Mke wangu alikuwa anamwagilia. Akauliza kwa sauti ndogo kama kesho tuagize gari la kumpeleka mama kwa dada. Mama akasema mti uliopandwa leo hauachwi kesho. Akapiga simu pale pale. Nilimsikia mwanyumba akitaja vigae. Mama akamwambia amshukuru Mungu kwa vigae.

Mke wangu akauliza, kwa hiyo mama? Mama akasema mti huu ni mzito wa kukua, Mama Miche amemweleza, mtoto anazaliwa na kuanza shule ndipo unafika kwenye paa. Akasema, “Nitakaa hapa mpaka unipe kivuli. Ukishanipa kivuli, ndipo mniulize tena nataka kukaa wapi.”

Mke wangu alilia mbele yetu sote bila kujificha, maji yakimwagika miguuni mwake. Kisha akanishika mkono. Mkono wenye udongo. Mimi nikalia pia, lakini kidogo, kiume.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Furaha ndani ya nyumba. Mama anaamka mapema, analima, anaimba vibaya. Anasema chai yangu ni maji ya moto. Mke wangu anacheka jikoni. Sebuleni kuna mwanga.

Nimeutazama mti asubuhi. Haujakua. Nimeutazama jioni. Haujakua. Gotini pale pale. Na mama anakaa pembeni yake kwenye jua kali, na magoti yale, akingoja kivuli cha kitu kisichoweza kumfunika hata paka. Roho inaniuma kweli. Mzee kama yule! Lazima nifanye kitu.

Leo nilipeleka mapazia kwa mteja upande wa pili wa mji, na karibu na hapo kuna kitalu kikubwa ambako hawanijui. Nimeingia. Mti ule ule wanao! Upo wa kufika gotini, wa kiunoni, wa kifuani, na mmoja umenipita kichwa. Kila mwezi mke wangu atampeleka mama kliniki kwa ajili ya magoti, asubuhi nzima. Ninang'oa mdogo, ninapanda mkubwa, ninafagia nyayo. Mwezi ujao wa kiunoni. Unaofuata wa kifuani. Mama ataona mkono wake una baraka, atafurahi, na mke wangu sina haja ya kumsumbua na maelezo.

Nimepiga hesabu vizuri. Kabla ya mwaka kwisha mti utakuwa umefika kwenye paa, kivuli kamili, na mama hatakuwa na sababu ya kungoja tena.